Siku moja gereji: Forester ya turbo inayofuka moshi

Saa 1:00 asubuhi

Gari lililetwa jana jioni likivutwa kwa kamba kutoka Mbezi hadi hapa gereji kwetu Tabata. Ni Subaru Forester ya turbo, yaani ile pampu inayoendeshwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, toleo la SG5, injini ya EJ20 yenye cc 1994. Mwenye gari yuko masomoni nje ya nchi, na limekaa uani zaidi ya mwaka. Mama yake, mwalimu mstaafu, kafika kabla hata sijavaa ovaroli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameniambia turbo imekufa. Nianze kutafuta hela?"

"Bado mama. Kwanza nieleze, huo moshi unatoka wakati gani?"

Watu wengi hukimbilia rangi. Rangi inasaidia: mweusi ni petroli nyingi, wa buluu ni oili, mweupe usioisha na wenye harufu ya utamu ni kulanti, yale maji ya kupoza injini. Lakini wakati wa moshi ndio unaonionyesha mlango wa kugonga. Ukitoka asubuhi tu kisha ukakoma, oili ilichuruzika usiku ikaingia kwenye silinda. Ukitoka gari likishuka mlima umeachia mafuta, natazama sili za valvu. Ukiongezeka kadiri unavyokanyaga, nawaza ringi za pistoni. Na ukijikusanya gari likiwa limesimama linaunguruma, halafu ukikanyaga likatema wingu zima, hapo ndipo naanza kuisogelea turbo.

Mama anasema ni hilo la mwisho, na buluu yake inaonekana wazi. Anaongeza mambo mawili ambayo kwangu ni dhahabu. Kijana mmoja wa mtaani alimimina oili mpya juu ya ile ya zamani. Na huko uani gari lilikuwa limeinamia kulia, matairi ya upande huo yamezama mchangani.

Saa 2:00

Siwashi. Gari lililokaa muda mrefu ukiliwasha kwa pupa unaizungusha turbo ikiwa kavu, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando usipokuwepo, bushi zinakwisha mara moja.

Nachomoa kijiti cha kupimia oili. Imepita alama ya juu kabisa, karibu vidole viwili. Tunaimwaga yote, inatoka nyeusi na nzito. Petroli ya kwenye tangi nayo inanuka kama vanishi, tunaitoa. Kulanti haijapungua wala haina utando wa mafuta, kwa hiyo wazo la gasketi ya hedi kuungua naliweka pembeni kwa sasa.

Dogo, msaidizi wangu, anafungua boksi la filta ya hewa. Panya wamejenga humo: karatasi, manyoya ya godoro, maganda ya karanga. Wengine wangefagia na kusonga mbele. Mimi nakaa nalo kidogo, kwa sababu turbo inayonyimwa hewa huvuta kwa nguvu, na kama hewa haipiti kwenye filta, huvuta oili kupitia sili yake yenyewe.

Saa 3:30

Plagi. Kwenye injini hii pistoni zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na kuzifikia plagi kunahitaji mkono mwembamba na uvumilivu. Silinda namba 2 na 4, za kushoto, plagi zake kavu. Namba 1 na 3, za kulia, zimelowa oili. Ndiyo upande ule gari lilikoinamia, oili imekusanyikia huko. Hapo nusu ya moshi nimeshaielewa.

Napima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuibana, nikiwa nimechomoa rilei ya pampu ya mafuta na kukanyaga pedali hadi chini. Silinda tatu zinakaa jirani na 150 psi. Namba 3 inagota 120. Naweka oili kijiko kimoja ndani yake na kupima tena: inapanda hadi 145. Kama valvu ingekuwa imeungua, oili isingebadilisha kitu. Ni ringi, na kwa gari lililolala muda wote huu, ringi iliyonata ni jambo la kutegemea. Mara nyingi hujiachia yenyewe injini ikifanya kazi ya kweli barabarani. Sishushi injini kwa ajili ya kipimo cha siku ya kwanza.

Saa 5:00

Sasa turbo. Nafungua mpira wa hewa na kushika mhimili kwa vidole viwili. Unacheza kidogo sana kwenda pembeni, jambo la kawaida ukiwa hauna oili. Nausukuma mbele na nyuma: hauchezi. Mapanga hayajagusa ukuta. Turbo hii haijafa.

Nafungua intakula, kipoza cha hewa inayotoka kwenye turbo. Utando wa oili ndani yake si ajabu, lakini humu kuna oili ya kumiminika, karibu nusu kikombe.

Tatizo lenyewe liko chini. Turbo hupokea oili kwa presha, lakini kuirudisha inategemea mteremko tu, hakuna kinachoisukuma. Kwenye injini hii inarudi kwenye hedi ya kulia kupitia mpira mfupi. Nauchomoa. Umekauka ukawa mgumu kama mfupa, na ndani masizi ya oili yameacha tundu ambalo kalamu haipiti. Zaidi ya hapo, oili ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Oili ikishindwa kurudi hutafuta pengine pa kutokea, na sili za turbo, ambazo ni ringi ndogo za chuma, hazikutengenezwa kuzuia bwawa. Inavuja kwenye intakula, inavuja kwenye ekzosi, inaungua, unaona buluu.

Bolti inayoingiza oili kwenye turbo ina kichujio kidogo cha wavu. Nacho kimeziba nusu. Hiki ndicho huua turbo za Subaru kimyakimya, na mafundi wengi hawakijui.

Saa 7:00

Chakula harakaharaka, kisha maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kutafuta mpira wa kuhimili oili na joto. Mpira wa maji haufai hata kama unaingia vizuri. Dukani mtu ananishauri nitoe masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba, eti moshi utapungua. Hautapungua, na oili itaendelea kwenda.

Saa 9:00

Tumesafisha intakula, njia za hewa ya injini na ile bolti. Mpira mpya, filta mpya, plagi mpya, oili hadi alama na si zaidi. Tunapiga stata bila petroli mpaka taa ya oili izime, ndipo narudisha rilei.

Linawaka, na moshi unakuwa mwingi kuliko ule aliousimulia mama. Dogo ananitazama. Namwambia asubiri. Oili iliyomwagika kwenye ekzosi na sailensa haijaenda popote, lazima iungue. Wengi hukata tamaa hapa na kununua turbo ambayo hawakuihitaji. Naweka kitambaa cheupe nyuma ya bomba: kwanza madoa ya mafuta, baadaye matone ya maji yanayokauka bila alama. Maji hayanitishi, lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji.

Saa 10:30

Barabara ya Morogoro, kupanda Kimara. Kupanda, dogo anaangalia nyuma: unapungua. Kushuka nimeachia mafuta: hakuna kitu, sili za valvu nzima. Nasimama pembeni, naliacha liungurume dakika tano, nakanyaga. Pumzi moja hafifu, basi.

Saa 12:00 jioni

Nampigia mama. Turbo haibadilishwi. Ila gari linalala hapa, mahali tambarare, kwa sababu nataka kuliwasha kesho likiwa baridi kabisa nikiwa nimesimama nyuma yake. Likipita hapo, litembee kilomita 500, oili imwagwe tena, na namba 3 ipimwe upya.

"Na kama hiyo namba 3 haijapanda?"

"Hapo mama tutazungumza habari ya ringi. Lakini turbo, waambie waliokutisha, ni nzima."