Nilivyopata Haiku za Kuchekesha kwa Mizani 17

Ukisema hapa Pemba kwamba unaandika haiku, shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu yenye mizani (silabi) 5, 7 na 5, ushauri unamiminika bure. Mmoja atakwambia haiku ni mambo ya huzuni: taja theluji, taja maua ya mcheri, nyamaza. Mwingine, bingwa wa tarbia, mashairi ya mistari minne kila ubeti, atakwambia bila vina hiyo ni orodha ya sokoni. Niliwasikiliza wote, na wote waliniharibia karatasi.

Hilo la huzuni halina hata asili. Haiku imezaliwa kwenye haikai, utungo wa mzaha ambao Wajapani walikuwa wakipokezana beti. Ubeti wa kufungulia uliitwa hokku, na ni mshairi Masaoka Shiki aliyeutenga ukasimama peke yake na kuuita haiku, mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake Issa, mshairi mwenzake wa Kijapani, ameshatunga juu ya nzi na viroboto. Sasa mimi nizuiwe mbuzi?

Hilo la vina lilinisumbua zaidi, maana sikio langu limelelewa na mashairi. Nikitii, kinatoka kitu kama hiki:

Mbuzi mvivu
juu ya karafuu
ana nafuu

Hesabu iko sawa, 5-7-5, na haichekeshi hata kidogo. "Ana nafuu" imeitwa na kina tu, haina kazi nyingine. Ubeti wa tarbia una mizani 64, humo kina hupata pa kupumulia. Kwenye 17 kinakula nafasi yote na kinafunga mlango kabla msomaji hajaingia. "Mvivu" nayo ni hukumu: nimeshamwambia msomaji acheke nini. Baya kuliko yote, mbuzi ametangulia. Kichekesho kimekwisha mstari wa kwanza, mingine miwili inamsindikiza.

Dawa ni kumrudisha mbuzi nyuma na kumtangulizia wasiwasi. Karafuu ikiwa juani juu ya majamvi, mtu haangalii kingine ila mbingu, kwa sababu ikilowa inapoteza rangi, na bei inafuata. Nikaanza na "Karafuu nje", lakini hiyo ni mizani 6: ka-ra-fu-u-n-je. Irabu mbili ni mizani mbili, na Wajapani nao huhesabu hivyo hivyo. Tokyo kwao ni 4, kwa kuwa o zote mbili ni ndefu. Basi karafuu nikaitoa kabisa, nikabakisha kinachoonekana uani:

Majamvi nje;
wingu lachungulia.
Mbuzi kalala.

Mpemba haambiwi juu ya majamvi kuna nini, wala mbuzi kalala wapi. Hapo ndipo kicheko kilipo, katika lile pengo baada ya nukta. Wajapani wana vijineno vya kukata, kama "ya" na "kana". Mimi natumia nukta au mkato. Nilikuwa nikitia "kumbe", nikaiacha, maana kumbe inamfinya msomaji mbavu acheke.

Tazama na vitenzi. "Linachungulia" ingefikisha mstari 8, "lachungulia" inaweka 7. "Amelala" ni 4, "kalala" ni 3, na wala si kujikaza kishairi, ndivyo tunavyosema kila siku. Vitenzi vyetu ni virefu mno: "wanaopeperushwa" peke yake ni mstari mzima wa kati. Na usihesabu kwa macho. Mbuzi ni mizani 2, mbuyu ni 3, kwa sababu m ya mbuyu inatamkwa peke yake. Mbwa ni 2, nchi ni 2. Gonga meza kwa kidole huku ukisoma kwa sauti.

Msimu je? Haiku ya kimila inautaka, lakini si lazima uwe wa kwao. Tunayo kaskazi, kusi, masika, vuli na mchoo. Majamvi nayo yanatosha: ukiyaona nje, unajua ni msimu gani. Theluji waachie wenyewe.

Ukitaka kuwacheka watu, msimu uache kabisa. Hiyo inaitwa senryu, kutokana na Karai Senryu, mchaguzi wa beti za aina hiyo katika karne ya 18. Mizani ni zile zile:

"Nafasi ipo!"
Konda aning'inia
kwa vidole tu.

Hii ilinijia yote kwa mkupuo, kwa hiyo sina cha kufundisha, ila kwamba maneno ya konda yametangulia bila maelezo. Ningeandika "konda mwongo", tungerudi kule kule kwa mbuzi mvivu.

Gharama ya kutunga haiku haifiki bakuli mbili za urojo: daftari, kalamu na mtu wa kumsomea barazani. Akiuliza "halafu?", usimweleze, badilisha mstari wa mwisho. Na usiipe kichwa cha habari. Haiku za kale hazina, na ile yangu ukiiandika juu "Mbuzi na Karafuu", umeshampa msomaji kila kitu nilichotoka jasho kukificha.