Kumbukumbu ya minazi yangu, mwezi wa 14: maji moto, wale siafu wa mitini, wamerudi

Leo asubuhi nimeokota vidaka 9, yaani nazi changa zilizodondoka, chini ya mnazi namba 4. Mwezi kama huu mwaka jana niliokota 31 chini ya mnazi huohuo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye gogo nasubiri kuvuka mto kurudi Pangani mjini, mikono imejaa majivu, shingo inawasha.

Kwa wageni wa kumbukumbu hizi: shamba ni la marehemu bibi, liko upande wa Bweni, minazi 40 na ushei, na katikati yake miembe na michungwa michache. Nilipolirithi, kila aliyepita aliniambia jambo moja: "Una chonga hapo." Nikaamini kwamba ni yeye, yule mbawakawa wa minazi, anayepukutisha vidaka. Msimu mzima nikahangaika na waya wenye ndoano kuwavua mashimoni kwenye kilele, nikachoma magogo yaliyooza wanamotagia. Niliwapata wawili. Vidaka vikaendelea kupukutika.

Kosa langu lilikuwa kutotazama nilichokiokota. Chonga hutoboa kilele, na kuti likija kuchanua unaliona limekatwa pembe tatu kama kwa mkasi. Makuti yangu yalikuwa mazima. Vidaka ndivyo vilivyokuwa na makovu marefu karibu na kikonyo, vimetoa ulimbo uliokauka. Huyo ni mdudu mfyonzaji wa kahawia, mwembamba, mwenye vipapasio virefu, anaitwa Pseudotheraptus wayi. Jina hilo, la mwaka 1955, linamuenzi M. J. Way, mtafiti aliyekuwa Unguja miaka ya mwanzo ya 1950. Anafyonza kidaka kingali kichanga, na mate yake ni sumu. Wachache tu kwenye mnazi wanatosha kukutia hasara. Ndiyo maana humuoni: unatafuta jeshi, kumbe ni wezi watatu.

Sasa kwa nini nahesabu vidaka na si nazi. Mnazi hutoa karara, shada lake la maua, karibu kila mwezi, na kidaka huchukua kama mwaka mzima kuwa nazi kavu. Ukisubiri siku ya kuangua ndipo ulalamike, unalalamikia mambo ya mwaka jana. Kwa hiyo kila Jumamosi nafagia chini ya minazi niliyoipa namba, naokota, nageuza kimoja kimoja. Kisicho na kovu sikihesabu, maana mnazi nao hupunguza mzigo wake wenyewe. Chenye kovu la ulimbo kinaingia daftarini.

Dawa ya kupuliza sikuitaka. Nani atafikisha bomba juu kule, na dafu ninakunywa mwenyewe? Nikageukia maji moto, hawa siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota. Wakiutawala mnazi, yule mfyonzaji hapati nafasi.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilikata viota kutoka miembe miwili tofauti, nikavitia kwenye kiroba kimoja, nikavifunga kwenye mnazi mmoja. Kabla sijamaliza kunywa maji, chini palikuwa pametapakaa maiti. Walikuwa koo mbili zenye uadui. Siku hizi nachukua jani lenye maji moto wachache nalisogeza kwenye mti wa pili. Wakigusana vipapasio na kupishana, ni ndugu. Wakishikana miguu na kuvutana, narudi nyumbani. Viota navikata alfajiri, kungali baridi na wao wazito, kisha naunganisha mti na mti kwa kamba ya katani ili wapite bila kugusa ardhi.

Walishika vizuri. Halafu nikaharibu kwa jembe.

Ilikuwa karibu na Idd, wageni wanakuja, nikaona aibu ya magugu. Nikalima shamba lote likawa jeupe kama kiganja. Baada ya wiki chache viota vikaanza kukauka rangi ya kahawia, na kwenye mashina ikatokea misururu ya sisimizi wadogo, baadhi yao wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Hao ni Pheidole megacephala, mahasimu wa maji moto. Penye majani chini hutafuta riziki huko huko na kuwaachia wenzao mti. Ukiwaondolea majani, wanapanda. Yaani usafi wangu ndio uliowafukuza walinzi wangu. Tangu hapo nafyeka kwa panga tu, majani yanabaki kifundo cha mguu, na atakayesema shamba langu chafu aseme.

Lililobaki gumu ni mkwezi. Ni mzee wa pale pale, kanijua tangu mdogo. Mara ya kwanza alifika nusu ya mnazi akateremka kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

"Mwanangu, huu siupandi tena."

"Mjomba, hawa ndio walinzi wa nazi."

"Mlinzi gani anamuuma mwenye nyumba?"

Tumekubaliana hivi: anapaka majivu ya kuni mikononi na miguuni, yanawafanya wateleze, na kwa kila mnazi wenye maji moto namwongezea kidogo juu ya ujira wa kawaida. Leo amekwea sita. Wa saba akaniambia nipande mwenyewe. Nikapanda, ndiyo habari ya shingo yangu.

Kwenye daftari: namba 4, 6 na 11 makovu yamepungua sana. Namba 9 sielewi, maji moto wamo lakini vidaka vinadondoka vile vile, nitaikagua usiku kwa tochi. Namba 17 bado ina sisimizi wa vichwa vikubwa hadi kwenye kilele. Kamba yake nimeikata leo, sitahamishia kiota pale mpaka majani ya chini yafunge tena baada ya masika.