Jumamosi yangu kwenye rafu za watoto

Saa mbili kasorobo asubuhi niko mezani na gundi, mkasi na uzi. Jumamosi ndiyo siku yangu kubwa hapa maktaba, Morogoro, maana ndiyo siku watoto wanakuja kwa hiari yao, bila kuletwa na mwalimu. Vitabu vilivyorudi vimechanika lazima vishonwe kabla hawajaingia. Leo ni vinne. Kimoja, kijitabu cha Sungura na Fisi, nakishona kwa mara ya tatu. Jalada limekwanguka mpaka Fisi hana uso, na kurasa za katikati zina alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi. Ningekuwa na fungu la kununulia, ningeagiza nakala kumi za hiki kabla ya kingine chochote. Kitabu cha mtoto kinachokaa rafuni miaka mitano kinang'aa vilevile hunitia huzuni.

Saa tatu mlango uko wazi. Mabegi yanabaki kwa mlinzi, mikono inanawiwa bombani, halafu ni mbio. Kwa namba zetu za kupangia vitabu, fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392, na upande wa wakubwa naifuata namba hiyo bila mchezo. Kwa wadogo nimeiweka kando. Vitabu vyao nimevisimamisha majalada yakitazama mbele, kwa sababu mtoto wa miaka saba hasomi maandishi ya mgongoni. Anaona picha ya mamba, anavuta.

Saa nne tunakaa mkekani. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Nimewasomea ya kobe aliyeazima manyoya ya ndege ili aruke. Nilipofunga kitabu, mtoto mmoja wa darasa la tatu akanyoosha mkono.

"Anti, hujatuuliza hadithi inatufundisha nini."

Nikamwambia leo siulizi hilo. Nikamuuliza, kobe angeangukia bati la kwenu ingekuwaje? Wakaanza kupigana vikumbo kujibu. Mmoja akasema bibi yake angetoka na mwiko. Mwingine akataka kujua kama ndege walirudishiwa manyoya yao, swali ambalo mwandishi mwenyewe hakulijibu.

Hapa ndipo nisipopatana na waandishi wetu wengi. Vitabu vizuri vya watoto vya Kiswahili tunavyo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 umesaidia sana kuwapa waandishi na wachoraji wa hapa nyumbani nafasi. Lakini vingi mno vina mkia uleule: mtoto mkaidi anaumia, mzee anatoa nasaha, kisha yanafuata maswali. Mtoto anayanusa mahubiri tangu ukurasa wa pili. Bibi zetu walikuwa na akili zaidi. Walimwacha Sungura ashinde kwa ujanja wake, wakatuacha tulale tukicheka.

Saa sita kasoro amekuja mama mmoja na kijana wake wa darasa la saba. Kijana ameshika kitabu cha visa vya mpelelezi, amekibana kwapani.

"Dada, huyu ana mtihani. Mpe vitabu vya masomo, hadithi ataziona baadaye."

"Shikamoo mama. Huo mtihani atausoma kwa macho gani kama kusoma kwenyewe kunamchosha?"

Nilimweleza ninachokiona hapa kila wiki: mtoto aliyezoea kumaliza hadithi ndefu haogopi swali la aya nzima. Anaelewa anachoulizwa. Mama hakukubali moja kwa moja. Alichukua cha hisabati, akamwachia na cha mpelelezi, "lakini cha hisabati kwanza." Nikagonga mihuri miwili. Walipofika ngazini kijana alikuwa tayari amefungua, na si cha hisabati.

Saa saba, wali maharage kwa mama lishe, haraka haraka.

Saa nane wanaingia wa sekondari, na hapo ndipo moyo unaniuma. Kati ya kijitabu cha picha cha kurasa 24 na riwaya ya mtihani wa kidato cha nne, nina rafu moja tu ya kuwaonyesha, nayo haijajaa. Tuzo ya Burt ilituletea hadithi nzuri za vijana zilizoandikwa na Watanzania, ila kwa Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na minne anayetaka kusoma kwa Kiswahili kuhusu mapenzi ya kwanza, baba mlevi, au rafiki aliyeacha shule, nimpe nini?

Binti mmoja wa kidato cha pili amejijibu mwenyewe. Wiki tatu sasa anasoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi akiwa amesimama kati ya rafu. Ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni, baadaye ikaja kufundishwa. Wapo wanaoniambia niifungie kabatini. Mimi nasema waisome. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, anambana kila upande, na binti anaondoka nyumbani hajui lolote la kujilinda nalo. Nimempa huyu binti fomu ya kuazima. Akatikisa kichwa: "Nyumbani hapana, anti." Sikumuuliza zaidi.

Saa kumi na nusu napita rafuni kurudisha vitabu mahali pake. *Rosa Mistika* haipo kwenye namba yake. Nimeikuta nyuma ya kamusi kubwa, imelazwa, tiketi ya basi imechomekwa kurasa chache kabla ya mwisho. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni kama kimepotea; hilo ndilo la kwanza nililofundishwa kazini. Nimezisogeza kamusi zikifunike vizuri zaidi. Jumatatu akitoka shule atakikuta.