Moshi usiouona ndo mtoto anaouvuta

Wazazi wanaovuta sigara niliowahi kuongea nao, karibu wote wanawapenda watoto wao na karibu wote wana utaratibu wao wa kumkinga mtoto na moshi. Huyu anavutia dirishani, yule anawasha feni, mwingine anasubiri mtoto alale ndo awashe, na wa kwenye gari anashusha kioo anatoa mkono nje. Ukiwauliza watakwambia mwanangu hapati moshi kabisa, na hawadanganyi, ndo wanavyoamini. Sasa shida iko hapo hapo, manake ukiwadadisi unakuta kipimo chao ni macho na pua tu, kama moshi hauonekani na harufu hamna basi hewa ni safi.

Jamani hicho kipimo hakifai. Zaidi ya asilimia 80 ya moshi wa sigara hauonekani wala hauna harufu, kile kiwingu unachokipunga kwa mkono ni sehemu ndogo tu. Na pua ya mvutaji ndo kabisa, ishazoea, sigara yenyewe inapunguza uwezo wa kunusa, sa mtu anayevuta kila siku atajuaje kama chumba kinanuka wakati mgeni asiyevuta akifungua tu mlango anakunja uso?

Halafu kuna hili wengi hawalijui, moshi mwingi unaojaa chumbani sio ule uliotoka mdomoni kwako, ni ule unaotoka kwenye ncha ya sigara ikiwa inaungua yenyewe, umeishika mkononi unaongea au umeiweka kwenye kisahani cha majivu. Huo haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu yako, kwahiyo kugeuza shingo ukapuliza upande wa pili hakumsaidii mtoto kihivyo. Yeye anapumua haraka haraka kuliko wewe na njia zake za hewa ni nyembamba.

"Mbona mimi navutia nje?" Afadhali, tena afadhali sana, ila bado. Mwili ukipata nikotini, ile sumu ya kwenye tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha, unaigeuza kuwa kitu kinaitwa kotinini, ambacho kinapimika kwenye mkojo, mate, hata nywele. Watoto ambao wazazi wao wanavutia nje wamekutwa nacho kidogo kuliko wa wanaovutia ndani, lakini kingi kuliko wa nyumba isiyo na mvutaji. Angalia inavyokuwa, baba anamaliza sigara pale mlangoni, mlango uko wazi, anaingia, mtoto anamtambalia miguuni anabebwa, anaweka uso begani, anaanza kunyonya ukosi wa shati. Nikotini na sumu nyingine zinaganda kwenye nguo, ngozi, kochi, pazia, kiti cha gari, na mtoto wa umri ule kila kitu kinaenda mdomoni.

Linaloniumiza zaidi ni ile ya "sisi tulikua baba anavuta sebuleni na tuko fiti". Mko fiti nyie mnaoongea. Yule wa masikio kutoa usaha kila mara, yule wa pumu na kubanwa kifua usiku, nani aliunganisha na sigara? Ilisemwa ni baridi, ni vumbi, ni ukoo. Na wachanga wanaokufa ghafla usingizini, moshi wa sigara unajulikana kabisa kuongeza hatari hiyo. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya 2006 ilisema wazi hakuna kiwango cha moshi huu kilicho salama. Uingereza nako tangu Oktoba 2015 ni kosa kuvuta kwenye gari lenye mtu chini ya miaka 18, hata vioo viwe vimeshushwa.

Sisemi haya kumsema mtu, nikotini inashika na kuacha ni kazi ngumu. Ila kama hujaacha bado, basi ndani ya nyumba na ndani ya gari pasivutwe kabisa, na babu na wageni nao waambiwe hata kama ni aibu, ukitoka nje funga mlango na usogee mbali, kuwa na koti lako la kuvutia unalivua kabla hujaingia, nawa mikono ndo umbebe mtoto. Hiyo inapunguza tu, haimalizi. Kuacha ndo kunamaliza, na sio lazima upambane kwa nia peke yake, kuna plasta na bablishi za nikotini za kumsaidia mtu kuacha, muulize daktari au mfamasia, hata siku hiyo hiyo umempeleka mtoto kutibiwa kifua.