Mitambo ya Patriot haikuwekwa Akçakale

Mwezi Juni mwaka 2024, Marekani ilipoitambua Kenya rasmi kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kinyozi wangu hapa Nakuru aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo atakayevuka mpaka wetu kwa ubaya atakuwa ameuchokoza ulimwengu mzima. Sikumbishia, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni mwangu. Hata hivyo hadhi ile huirahisishia nchi kununua zana na kushiriki mafunzo na utafiti wa kijeshi, wala haina ndani yake ahadi yoyote ya kutetewa. Na hata nchi iliyo mwanachama kamili, yenye ahadi hiyo kwa maandishi, haipati kile ambacho kinyozi wangu anakifikiria. Uturuki inajua.

Uturuki iliingia NATO mwaka 1952, na vita vya Syria vilipozuka mwaka 2011 ilijikuta na mpaka mrefu unaoungua upande wa pili. Mwezi Juni mwaka 2012 Syria iliitungua ndege ya kivita ya Uturuki karibu na pwani yake, marubani wawili wakafa, na serikali ya Ankara ikakitumia kifungu cha 4 cha mkataba wa NATO, ambacho humruhusu mwanachama anayehisi kutishwa kuwaita wenzake kwenye mashauriano. Kifungu cha 5, kile kinachosema kwamba kumshambulia mmoja ni kuwashambulia wote, hakikuguswa. Tangu mkataba utiwe sahihi mwaka 1949 kimetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001. Tena wengi hawakisomi hadi mwisho: kila nchi huahidi kuchukua hatua itakayoiona yenyewe kuwa ya lazima, na hatua hiyo si lazima iwe kutuma jeshi.

Ndipo ikaja Akçakale. Msomaji aliyewahi kufika Busia ataielewa haraka, kwa sababu Akçakale ya Uturuki na Tal Abyad ya Syria zinatazamana kama Busia yetu na Busia ya Uganda, ila kati yao inapita reli ambayo ndiyo mpaka. Tarehe 3 Oktoba mwaka 2012 makombora ya mota kutoka upande wa Syria yaliangukia makazi ya watu huko Akçakale na kuwaua raia watano, wanawake na watoto. Mizinga ya Uturuki ilijibu siku hiyo hiyo, na kesho yake bunge likaliruhusu jeshi kuvuka mpaka. Mwezi Novemba Uturuki iliiomba NATO mitambo ya kutungulia makombora, na tarehe 4 Desemba ombi likakubaliwa. Ujerumani, Uholanzi na Marekani ziliahidi vikosi viwili viwili vya mitambo ya Patriot, jumla sita, kwa sharti lililorudiwa mara nyingi kwamba kazi yake ni kujihami tu, wala si kuzizuia ndege kuruka katika anga ya Syria.

Baba mdogo alitumikia jeshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga huku Lanet, kwa hiyo nilimpelekea swali mezani kwake: je, mitambo hiyo iliilinda Akçakale? Alichukua sahani tatu, akazipanga kwa safu: hii Adana, walikokwenda Waholanzi, hii Kahramanmaraş, Wajerumani, hii Gaziantep, Wamarekani. Kisha akaniuliza Akçakale iko wapi. Nilipima kwenye simu, nikaiweka chupa ya chumvi mbali kabisa upande wa mashariki, kwa maana kutoka Gaziantep hadi pale ni zaidi ya kilomita 100.

“Sasa mwanangu,” akasema, “hizi sahani zinaifunikaje chumvi?”

Hazikuifunika, na hata zingesogezwa hadi pale zisingefaa kitu. Patriot hulenga ndege na makombora makubwa kama Scud, ambayo Syria ilikuwa ikiyarusha katika ardhi yake yenyewe mwezi ule ule wa Desemba. Bomu la mota hupaa na kutua ndani ya kilomita chache, mara nyingi chini ya dakika moja, na mtambo ule haukuundwa kwa kazi hiyo. Waliokufa Akçakale ndio walioharakisha ombi, lakini kilicholetwa kilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Sisemi kwamba NATO ilidanganya. Askari wa Ujerumani anapolala karibu na Kahramanmaraş, mkuu wa majeshi aliye Damascus analazimika kujua kwamba kombora lake likienda kombo litaigusa hata Berlin, na kwa serikali ya Ankara ujumbe huo ulikuwa na thamani. Uturuki pia ilikumbuka Februari mwaka 2003, kabla ya vita vya Iraki, wakati Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji zilipoyakwamisha kwanza maandalizi ya kuilinda. Safari hii Ujerumani ilikuwa miongoni mwa waliotoa mitambo. Ninachokataa ni kuuchanganya ulinzi wa serikali na ulinzi wa mama aliye uani kwake.

Mapema mwaka 2015 Waholanzi waliondoka Adana na Wahispania wakashika nafasi yao. Mwaka huo huo Wamarekani na Wajerumani nao wakatangaza kwamba wanafunga mizigo. Mwaka 2016 roketi za kundi la Islamic State ziliupiga mji wa Kilis, kusini mwa Gaziantep, kwa miezi kadhaa, zikaua watu majumbani na barabarani. Niliweka punje ya karanga mahali pa Kilis, chini kidogo ya sahani ya Wamarekani, nikamwambia Baba mdogo kwamba wakati huo sahani hiyo haikuwapo tena.

“Hata ingekuwapo,” akajibu, akaanza kuzikusanya, kwa sababu Mama mdogo alikuwa ameita mara mbili kutoka jikoni akizitaka za kupakulia.