Vile nilisolve shida ya hedifoni nikianza u-DJ wa muziki wa house

Shida yangu ilikuwa moja: laptopu inatoa sauti njia moja tu, sasa ngoma inayofuata huwezi iskiza kabla ya watu, na house ya BPM 124 (mapigo 124 kwa dakika) lazima kiki, ile midundo mizito ya ngoma zote mbili, zilale pamoja kabla hujapandisha feda, ile ya kuslide sauti juu. Maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, walinionyesha mashine za DJ za deki nne (deki moja inacheza ngoma moja), tamu kweli, lakini kwa mtu anaanza hizo ni za nini? Nikachukua DDJ-FLX4, kontrola ya DJ ya kuchomeka kwa laptopu. Deki mbili, saundikadi ya kutoa sauti njia mbili iko ndani, nabonyeza kitufe cha hedifoni na ngoma inakuja kwa masikio yangu pekee huku spika zinaendelea na ile ingine. Na inakula moto kwa laptopu kupitia USB, hata stima ikipotea mtaani napractice tu na hedifoni mpaka betri iishe.