Mbegu Iliyooshwa

Maji ya karai yalikuwa mekundu. Nilipoyaona kwa mbali nilidhani Mama Mapacha amepata kuku wa Pasaka, nikafurahi kwa ajili yake. Nilipokaribia nikaona punje za mahindi zimelala chini ya yale maji, nyingine bado zina rangi, nyingine zimeanza kupauka, na mkono wake ukizisugua taratibu kama anayeosha maharagwe.

"Haya ni maji ya tatu," aliniambia kabla sijauliza. "Yakifika ya tano zitakuwa safi."

Mahindi yale nilikuwa nimeyagawa mimi mwenyewe wiki mbili nyuma. Kilo 10 kwa kila nyumba, mbegu ya kutosha ekari moja, pamoja na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia. Siku ile nilipanda juu ya meza ya shule nikawapigia kelele watu wa nyumba 64: hii si ya kula, hii rangi ni dawa ya kuzuia kuvu na wadudu, hata kuku msimpe. Wote wakaitikia, "Ndiyo, karani." Mama Mapacha alikuwa wa pili kwenye mstari, na nakumbuka ndiye aliyeitikia kwa sauti zaidi.

"Mama, hiyo ni sumu. Kuosha hakuitoi."

"Najua."

"Unajua na bado unaosha?"

"Kwani wale wa Sachangwan hawakujua petroli inawaka?"

Sikuwa na jibu. Sachangwan iko kwenye barabara kuu, chini kidogo tu ya kule tulikokuwa. Tarehe 31 Januari mwaka huo wa 2009 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakimbilia na mitungi na ndoo kuchota, moto ukalipuka, wakaangamia zaidi ya 100. Mjini Nakuru niliwasikia watu wengi wakisema ni tamaa. Kule juu, njia ya Molo kwenda Kuresoi, sikumsikia hata mmoja akilitaja neno hilo.

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Mji ulipowaka Januari 2008, majirani wakipigana baada ya kura za Desemba 2007, nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, nikajitolea pale Showground ambako maelfu walikuwa wamekimbilia na magodoro kichwani. Nilianza kwa kubeba maji. Baadaye wakagundua nina mwandiko mzuri, nikawekwa kwenye meza ya kuandika majina. Ndivyo nilivyoingia kazi hii, kwa kalamu. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, lakini zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa na zaidi ya 600,000 walikuwa wameacha makwao, na sahihi ya wakubwa haikuwajengea nyumba. Mwezi wa Mei serikali ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani. Kila nyumba iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia, watu wakapakiwa kwenye malori na maturubai yao, wakashushwa karibu na mashamba yao.

Mtu wa mjini husikia "amerudi shambani" akadhani mambo yamekwisha. Kule juu kuna baridi, mahindi hukaa shambani muda mrefu. Hupandwa Machi au Aprili, na huvunwa mwaka ukielekea kuisha. Anayeshushwa na lori mwezi wa Mei au Juni ameshapitwa na msimu, na kupitwa na msimu ni kupitwa na mwaka. Mwaka ule wakahangaika na viazi na kabeji, na bei ya mbolea nayo ikawa imepanda zaidi ya maradufu. Mwaka 2009 ulipoanza, Rais Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la taifa. Watu kama milioni 10 walihesabiwa kuwa hawana chakula cha kutosha. Watu wangu wa nyumba 64 walikuwa ndani ya hiyo hesabu.

Shirika lililoniajiri lilijua hayo yote. Nalisema hili kwa haki. Katika mkutano wa Januari mkubwa wetu alichora ubaoni vishale viwili, kimoja cha mbegu na kimoja cha chakula, akasema lazima vitoke siku moja. Chakula hicho kina jina lake katika kazi hii: chakula cha kulinda mbegu. Mtu mwenye njaa ukimpa mbegu peke yake, umempa chakula cha jioni. Kwa hiyo unampa mahindi ya kula, maharagwe na mafuta ya kumfikisha kwenye palizi, tukihesabu kalori 2,100 kwa kichwa kwa siku, ili ile pakiti ibaki imefungwa mpaka mvua inyeshe.

Machi ilipofika, mbegu zikaja na chakula hakikuja. Kulikuwa na karatasi inayosubiri sahihi ya mtu aliyesafiri. Upande wa pili, pesa za mbegu zilitakiwa ziwe zimetumika kabla mwezi haujaisha, la sivyo wafadhili watauliza. Ikaamuliwa tugawe mbegu, chakula kitafuata "wiki ijayo." Niliijua hatari yake, maana vile vishale nilivinakili kwenye daftari langu. Lakini mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na niliutaka mwingine. Nikasaini fomu, nikapanda kwenye lori.

Kuna jambo jingine la siku ile ya kugawa ambalo sikulitilia maanani. Mwanamke mzee alisimama langoni mwa shule tangu asubuhi, na kikapu mkononi. Alitoka ng'ambo ya mto, upande wa wale ambao Januari 2008 walibaki majumbani mwao. Alipofika mezani aliniamkua, nikamwitikia, akataja jina lake. Nikapekua orodha kwa adabu ya kuigiza, maana nilijua halimo. Orodha ilikuwa ya waliofukuzwa wakarudi. Ng'ambo nako kulikuwa na shida yao. Soko walilokuwa wakiuzia maziwa lilikufa, na duka walilokuwa wakinunua sukari lilichomwa na vijana wao wenyewe. Lakini shida hiyo haikuwa na safu kwenye fomu yangu. "Kogo, jina lako halimo," nilimwambia. Wenzake walimwita hivyo, nyanya kwa lugha yao. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akaondoka na kikapu chake.

Mvua nayo ikachelewa. Kama ingenyesha wiki ile, mbegu zingeingia ardhini na mjadala ungekwisha. Badala yake zilikaa chini ya vitanda, wiki ya kwanza, wiki ya pili, kwenye nyumba ambamo watoto walikuwa wanakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Ndipo Jumatano ya kuelekea Pasaka nikalikuta lile karai.

"Basi nipikie nini, karani?" Mama Mapacha aliniuliza. Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikuwa na mkate nusu na shilingi 300. Nikavitoa vyote, na sasa nikikumbuka naona aibu jinsi nilivyovitoa haraka, kama mtu anayelipa faini. Tulichimba shimo nyuma ya choo tukamwaga yale maji kuku wasiyafikie. Punje zenyewe alikataa nizitupe. Akazianika kwenye gunia.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba nne nyingine zilikuwa zimefungua pakiti. Moja walishakula siku iliyotangulia, na kijana wao alikuwa amelala akitapika. Tulimtoa kwa bodaboda hadi zahanati, akapona, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Nikampigia simu mkubwa wangu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe kando ya kanisa. Aliniambia Ijumaa na Jumatatu ni sikukuu, nisubiri baada ya Pasaka. Nilibaki juu ya lile jiwe kwa muda hata baada ya simu kukatika.

Mzee wa kijiji aliita watu chini ya mkaratusi. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja. Akasema, "Mahindi ya kula yako karibu. Kila mtu anajua yaliko." Hakuna aliyejibu. Yalikuwa ng'ambo ya mto, kwenye ghala la yule kogo. Kabla ya vita walikuwa wakinunua kwake kila mwaka akiba zao zikipungua, na watoto wao walisoma darasa moja na wajukuu zake. Tangu warudi, mto ule walikuwa wakiuendea kwa maji tu, tena asubuhi, wakiwa wengi.

Mjane mmoja mwenye nyumba ya mwisho alisimama akasema yeye haendi, na chakula cha kutoka huko hatakila. Akaondoka. Hakuna aliyembembeleza, na sidhani palikuwa na maneno ya kumbembeleza. Ghala lake mwenyewe lilikuwa bado majivu, na mumewe alimzika Nakuru.

Tulivuka watatu: mzee, Mama Mapacha na mimi. Kogo alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Tulisimama tukisikia maziwa yanavyogonga kibuyu, na Mama Mapacha akaanza kuamkua, sauti ikamkatikia katikati. Kogo akamwitikia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama zamani. Kisha akanigeukia.

"Si wewe ndiye ulisema jina langu halimo?"

"Ni mimi."

"Leo umekuja kuniandika?"

Nikasema hapana. Nikamweleza kuhusu lile karai. Aliacha kukamua hapo. Aliniuliza ni kina nani waliokula, nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema neno kwa lugha yake ambalo mzee alikataa kunitafsiria tuliporudi.

Usidhani alifungua ghala akalia na kutukumbatia. Alikaa kwenye kigoda akapanga masharti kama mtu wa benki. Gorogoro 10, yaani mikebe 10 ya kupimia, kwa kila nyumba yenye watoto wadogo, ghala lake lilikuwa halitoshi zote 64. Zirudishwe wakati wa kuvuna, gorogoro kwa gorogoro, za mahindi makavu yasiyo na uozo. Tena kila nyumba impe siku moja ya palizi shambani kwake. Mzee alijaribu kuomba siku ya palizi ipunguzwe.

"Si bure," akasema. "Cha bure ni cha lori."

Alipima mwenyewe. Gorogoro yake ilikuwa mkebe wa kilo 2 wenye bonde ubavuni, na Mama Mapacha aliliona lile bonde. Niliona jicho lake linavyoligusa. Hakusema kitu. Wavulana wawili wa kule walibeba magunia mpaka katikati ya mto wakaishia hapo, vijana wetu wakapokea. Hawakusalimiana.

Lori letu lilifika Alhamisi ya wiki iliyofuata, na muziki juu. Tukagawa tena, watu wakatia vidole gumba kwenye wino. Kwenye ripoti, mahali palipoandikwa "Changamoto," niliandika "usafiri ulichelewa." Mkubwa wangu aliongeza kwamba asilimia kubwa ya mbegu ilipandwa, na hiyo ilikuwa kweli, maana mvua ilinyesha hatimaye na watu wakapanda. Juu ya kogo sikuandika neno. Nilijiambia fomu haina nafasi. Ilikuwa na nafasi, nyuma ya karatasi.

Nilirudi kule Desemba, si kwa kazi. Nilimpeleka shangazi yangu Molo, nikaona niendelee mbele. Mavuno yalikuwa ya nusu nusu. Mama Mapacha alinionyesha mstari mmoja wa mabua makavu karibu na jiko. Ndizo zile alizoosha. Alizipanda zote, zikatoka na mapengo, mashimo matatu yameota, mawili hayakuota. Hata hivyo alikuwa amevuna humo gunia robo. Nikamwuliza kuhusu yule mjane. Akasema ameuza shamba, amehamia Nakuru kwa dada yake.

Siku hiyo ndiyo alikuwa anapeleka deni, nikamsaidia kubeba. Kulikuwa na magogo mawili mapya juu ya mto. Kogo alileta mkebe wake wenye bonde. Mama Mapacha naye akatoa mkebe wake kutoka kwenye kiondo, mzima, hauna bonde. Wakatazamana. Kogo akaweka wake chini, akatumia ule wa mgeni, akapima mpaka wa nane, halafu akanigeukia.

"Na mwakani, jina langu limo?"

Nilimwambia siandiki tena majina, mkataba wangu uliisha Juni.

"Afadhali," akasema, akarudi kusawazisha gorogoro kwa kiganja.